Pwani Iliyotufuata Bara: Vituo Vinane vya Babu, Bibi na Wajukuu

Kila shule zikikaribia kufungwa, wazazi wenye uwezo huanza kuulizana habari za Bagamoyo, Kilwa na Unguja. Watoto wakaone magofu, wakashike mizinga ya kale, wajue misafara ya zamani ilianzia wapi. Ni safari njema. Lakini mtoto wa Ngara au Biharamulo anayepelekwa Bagamoyo kujifunza habari za misafara anasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kuuona mwanzo wa njia, na huku nyumbani hajaoneshwa ilikopita, pengine nyuma ya migomba ya bibi yake.

Kwa hiyo tunahesabu hapa vituo vinane vya historia, kuanzia cha nane hadi cha kwanza, vyote vya huku kwetu. Masharti ni mawili tu: aende babu au bibi na wajukuu, na wazazi wabaki nyumbani. Babu na mjukuu ni watani, na utani haunogi mzazi akiwa amekaa katikati anasema, "Nyamaza, mwache babu apumzike." Babu hataki kupumzika. Anataka kuulizwa.

8. Njia panda za Nyakanazi na Lusahunga

Shukeni, msikimbilie kwenda. Nyakanazi ndipo barabara ya Kahama inapokutana na ile ya Kigoma. Mkipanda kidogo mnafika Lusahunga, ambako mmoja anashika njia ya Biharamulo mjini na mwingine ya Ngara. Malori ya Kigali na Bujumbura hupita usiku na mchana, yamebeba mzigo ulioteremshwa bandarini Dar es Salaam. Wape watoto kazi ya kusoma namba za magari na kutaja nchi. Hilo ni somo la biashara ya pwani na bara, bure kabisa, na mahindi ya kuchoma yapo.

"Babu, enzi zenu mlisafiri na nani hapa?"

"Na polisi."

Mjukuu atacheka akidhani ni mzaha. Mwambie ni kweli. Kuna miaka mabasi ya njia hizi yalipita misituni kwa msafara, askari wenye silaha wakiyasindikiza kwa sababu ya majambazi.

7. Boma la Mjerumani, Biharamulo

Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20. Watoto watapenda kuta nene na wataanza kuviziana kwenye milango kama askari. Waacheni dakika kumi, kisha bibi aanze hesabu.

"Mume wangu," bibi humwambia mjukuu wake wa kiume, "mtu aliyezaliwa hapa Biharamulo mwaka 1900 alitawaliwa na Mjerumani. Juni 1916 wakaja askari wa Mbelgiji kutoka Kongo. Mwaka 1921 Mbelgiji akamwachia Mwingereza. Huyo mtu hajafika miaka 25 na hajahama kijiji, ameshabadilisha mabwana watatu."

"Kodi alimlipa yupi?"

"Kila aliyekuja na bunduki."

Kuna jambo moja ningependa lisipitwe hapa. Mjerumani alipofika bara aliendesha ofisi zake kwa Kiswahili, lugha aliyoikuta pwani. Amri za boma, barua za akida na hesabu za karani zilikwenda kwa lugha hiyo. Misafara ya biashara ilikuwa imeileta kabla yake, boma likaiweka mezani. Kwa hiyo mjukuu anayejibu Kiswahili anaposemeshwa Kishubi ana historia ndefu ya kumtetea. Bibi bado ana haki ya kumkasirikia.

6. Burigi, alikoamua mbung'o

Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Twiga wapo, pundamilia wapo, viboko wapo.

"Babu, nani alitangulia hapa, wanyama au watu?"

Swali zuri kuliko picha ya twiga. Ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulibadili ramani ya upande huu wa nchi. Wakati wa Mwingereza serikali ilizihamisha kaya zilizotawanyika porini na kuzikusanya kwenye makazi ya pamoja, ili msitu ufyekwe na mdudu akose kivuli. Walikoondoka watu, kichaka kilirudi. Sehemu ya pori tunaloliona ni la kale na sehemu nyingine iliwahi kuwa uwanja wa mtu. Wazee wa Biharamulo waliosikia habari hizo kwa baba zao bado wapo. Muulizeni mmoja kabla hamjamuuliza mwongoza watalii.

5. Nyamirembe, kwa wanaodai mchanga

Kuna mjukuu mmoja katika kila familia ambaye hatakubali kwamba ameona pwani mpaka aone maji yasiyo na ng'ambo. Mpelekeni Nyamirembe, bandari ya Ziwa Viktoria. Leo iko wilaya ya Chato mkoani Geita, lakini Chato yote ilikuwa Biharamulo hadi ilipomegwa mwaka 2005, na wazee hawajaacha kuiita yetu. Ule dagaa, utazame mitumbwi, usiogelee. Kichocho hakina utani.

4. Usui, alikokwamishwa Mzungu

Hapa tukae kidogo.

Oktoba 1861 msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, uliingia nchi iliyoitwa Usui, ndiyo Rusubi, inayoangukia leo katika Biharamulo na Ngara. Walikuwa wametoka pwani mwaka mmoja kabla, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mtawala wa Usui, ambaye Speke anamwandika kwa jina la Suwarora, alidai hongo. Tuelewane kuhusu hongo: wakati ule ilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu. Nyaya za shaba, nguo, shanga. Msafara ulisubiri, ukapatana, ukalipa, ukaambiwa bado, ukalipa tena. Speke alilalamika kurasa nyingi.

"Bibi, Suwarora alikuwa mwizi?"

"Wewe ukivuka mpaka wa Rusumo na lori, forodha wanakuacha?"

"Hapana."

"Basi na yeye alikuwa forodha."

Na aliyekuwa kwenye msafara huo ndiye ninayetaka watoto wa Ngara na Biharamulo wamjue kwa jina: Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mdogo, akauzwa utumwani na kupelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Alikuwa na Burton na Speke mwaka 1857, akapita hapa na Speke na Grant, akawa na Stanley mwaka 1871 walipomtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza kikamtunukia nishani ya fedha na pensheni. Vitabu vya shule vimewapa nafasi mabwana zake, yeye vimempa mstari mmoja au hakuna. Mimi naona ni dhuluma, na babu anaweza kuisahihisha jioni moja.

Hakuna kibao cha Suwarora wala cha Bombay cha kupigia picha. Kaeni katika kijiji chochote cha Washubi, mpeni mzee kigoda, mumuulize watawala wa Rusubi walikaa wapi na nani alikuwa mhunzi. Uzinza na majirani zake walisifika kwa chuma, na majembe yao yaliuzwa mbali. Hadithi ya msafara haikamiliki bila mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza huku.

3. Milima ya Bugufi, nchi iliyogombewa

Ngara ya leo ni nchi mbili za zamani zilizounganishwa, Bugufi na sehemu ya Rusubi. Enzi za Mjerumani Bugufi ilihesabiwa pamoja na Urundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mwingereza akabaki nayo ndani ya Tanganyika, na Mwami wa Urundi hakukubali. Aliidai miaka na miaka, hadi suala likafika Umoja wa Mataifa. Ujumbe wake uliokuja mwaka 1948 ulilisikiliza. Jibu ni hilo mnalokanyaga: Tanzania.

"Kwa hiyo babu, ilikuwa kidogo tu uwe Mrundi?"

"Na wewe ungekuwa unanisumbua kwa Kirundi."

Asingepata tabu sana, maana Kihangaza cha huku Bugufi na Kirundi vinaelewana. Tembeeni mpaka Kabanga, karibu na mpaka, msikilize watu wanavyopatana bei. Mchana ingieni shamba la kahawa. Mjukuu achume kwa mkono wake, aone punje mbili zimelaliana ndani ya tunda moja, ajue ada za wazazi wake zilitoka wapi.

2. Benaco

Hapa utani unasimama, na babu ndiye atakayejua wakati wa kuurudisha.

Jina ni la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara na kuweka kambi yake hapo. Dunia ililijua kwa sababu nyingine. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa saa 24 hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la kasi namna ile. Kambi ya Benaco ikawa kwa muda miongoni mwa makazi makubwa kabisa nchini. Desemba 1996, kwa uamuzi wa serikali, Wanyarwanda walirudishwa kwa daraja lilelile.

Vitabu vina takwimu hizo. Visichonacho ni bibi aliyeamka asubuhi akakuta watu wamelala kwenye migomba yake, naye akalazimika kuamua papo hapo afanye nini. Wapo waliogawa maji na mihogo. Wapo walioibiwa mazao, walioona milima yao ikibaki bila mti wa kuni, waliopata kazi kambini na kusomesha watoto kwa mshahara huo. Mwache aeleze yote, mazuri na machungu, asichaguliwe. Mtoto mdogo aelezwe habari ya njaa na ya kukaribisha wageni. Mkubwa aambiwe na ukweli kwamba huko walikotoka watu walikuwa wakiuawa, kwamba baadhi ya waliovuka walikuwa wauaji, na kwamba Mto Kagera ulibeba maiti mpaka Ziwa Viktoria. Akiuliza kwa nini, msimnyamazishe.

1. Rusumo

Cha kwanza, na sibishani na mtu.

Mwendo mfupi kabla ya hapa Mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Nyabarongo inayotoka Rwanda. Ikiungana ndiyo Kagera. Nchi tatu zimekaa hapo kama mafiga. Kisha maji yanabanwa kwenye mwamba na kuporomoka mita 15 hivi.

Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka hapa kuingia Rwanda. Alikuwa ameanza safari Pangani mwezi Desemba, na wapagazi wa pwani. Mwaka 1901 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni katika utawala wake Vita vya Maji Maji vilianza. Kwa hiyo mjukuu akisoma Maji Maji darasani ajue kwamba gavana huyo alishapita kwao, akiangalia maporomoko haya.

Leo kuna daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyozinduliwa mwaka 2016 na Marais Magufuli na Kagame. Kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, unaogawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mjukuu wa hesabu agawanye 80 kwa tatu kwa sauti, babu asahihishe.

"Babu, haya maji yanakwenda wapi?"

"Ziwa Viktoria. Halafu Jinja, Juba, Khartoum, Cairo, mpaka Bahari ya Mediterania. Zaidi ya kilomita 6,000."

"Kwa hiyo tuko pwani?"

"Pwani ya mbali kidogo. Vaa sweta."

Speke alikwama Usui akiutafuta mto ambao maji yake ya juu yalikuwa jirani kabisa na alipokaa akihesabu shanga za hongo. Wenyeji walikunywa maji hayo kila siku. Simameni hapo mpaka mtoto aelewe jambo hilo, hata kama basi linapiga honi.

Bebeni vitambulisho, maana hapo ni mpakani. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha darajani au kwenye mtambo. Simu itumike zaidi kurekodi sauti ya mzee kuliko kupiga picha za mjukuu. Shule hufungwa Juni na Desemba, na mtu aliyekuwa na miaka 30 siku ile ya Aprili 1994 leo amepita 60. Likizo ijayo mkatieni bibi tiketi ya kwanza, watoto wakae kando yake.