Kocha wa kwenye Kochi

Shabiki wa Kimarekani aliyezeekea mbele ya televisheni hakosei. Wanaokosea ni wachezaji. Ted Williams wa Boston Red Sox alimaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa kupiga wa .406, yaani alikosa karibu mara sita kwa kumi, na katika besiboli huo ni utukufu. Mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea vilevile, miaka nenda miaka rudi. Kwenye futiboli ya Kimarekani, Tom Brady alichaguliwa wa 199 katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2000, baada ya wanaolipwa kutambua vipaji kumpita kama hawamwoni. Akatwaa mataji 7 ya ubingwa, Super Bowl. Leo bwana wa kochi anaapa kwamba yeye alimjua tangu mwanzo. Ajabu, hakumwambia mtu.

Utasema akienda uwanjani amelipa tiketi, ana haki yake. Anayo, tena ya kupiga kelele hadi koo limkauke. Ila tiketi huuza kiti, haiuzi macho. Na kama miaka hamsini ya kutazama ni ujuzi, basi abiria mkongwe wa daladala apewe usukani, tuone nani atabaki ndani ya gari.