Ukishakonda, Ngozi Uipeleke Wapi?

Mwongozo huu haumhusu kijana. Kijana akipungua kilo 15, ngozi yake hurudi mahali pake baada ya miezi kadhaa, kisha hupiga picha mbele ya kioo cha jimu na kutuhubiria nidhamu. Mwache. Huu ni wako wewe uliyevuka 60, uliyekuja Midrand, Afrika Kusini, ukimfuata mwanao aliyepata kazi makao makuu ya Vodacom, ukaishi naye kule Waterfall au Carlswald kwenye nyumba za geti na mlinzi, daktari akakutisha na sukari, ukapunguza kilo 40, na sasa unasimama bafuni umevaa mwili wa mtu aliyekuwa mkubwa kuliko wewe.

Hongera sana. Sasa shika tumbo kwa mikono miwili tuendelee.

Kwanza, acha kuisemesha ngozi. Haisikii. Kinachoifanya ivutike na kurudi ni nyuzi za elastini, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo mwili huzitengeneza tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake hadi anapobalehe. Baada ya hapo ni kula akiba. Kama ulizaliwa 1963, basi kiwanda chako cha elastini kilifungwa Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu, na hakuna mwekezaji atakayekifufua. Ongeza jua la miaka yote hiyo, ongeza sigara kama ulivuta, ongeza miaka 25 ya kubeba kitambi ambacho wewe na wenzako mlikiita heshima. Ngozi imezoea heshima ile. Haioni sababu ya kujishusha.

Ukishalielewa hilo, nenda dukani ukanunue krimu. Najua nimesema haisikii, lakini utakwenda tu, kwa hiyo bora twende kwa utaratibu. Dis-Chem wana makao makuu hapa hapa Midrand, huwezi kusingizia umbali. Chukua Bio-Oil, mafuta yaliyobuniwa Afrika Kusini mwaka 1987 na sasa yanauzwa karibu dunia nzima. Soma maandishi ya kwenye boksi: yanazungumzia makovu, michirizi, ngozi kavu. Hakuna palipoandikwa kwamba yanainua tumbo. Aliyekuahidi hilo ni dada yako wa kwaya, kwa niaba ya kampuni ambayo haikumtuma. Paka hata hivyo. Midrand iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hewa inakauka mpaka mtu aliyezaliwa Tanga anaanza kupasuka visigino. Ngozi laini iliyolegea ni afadhali kuliko ngozi kavu iliyolegea. Kuhusu zile mashine za joto za vyumba vya urembo, usoni, pale palipolegea kidogo, huenda ukaona nafuu kidogo. Kwa tumbo linalofika mapajani utakuwa umelipia kuchemshwa.

Hapa inafaa kuwatambua waliotufikisha hapa, maana tulikonda kwa njia mbili. Kundi la kwanza ni la banting. Profesa Tim Noakes na wenzake walipotoa kitabu cha The Real Meal Revolution mwaka 2013, Afrika Kusini iliacha wanga kwa kishindo: mikahawa ikaandika banting kwenye menyu, pizza ikapikwa kwa koliflawa. Kwa mtu aliyelelewa na wali wa nazi huo ni msiba, na kweli jina lenyewe lilitoka msibani. William Banting alikuwa mzishi wa London, wa ukoo uliokuwa ukishughulikia mazishi ya wafalme. Mwaka 1863, akikaribia miaka 66, alichapisha kijitabu kueleza alivyopungua kutoka kilo 92 hivi baada ya kuacha mkate, viazi na sukari. Kabla ya hapo, anasema, alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume kuyaonea huruma magoti. Mzee wa makamo yetu kabisa. Kama tungekuwa na chama, picha yake ndiyo ingetundikwa ukutani.

Kundi la pili ni la sindano za kupunguza uzito. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, eksenatidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari, na ilitokana na kemikali iliyopatikana kwenye sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila. Ozempic na wenzake walifuata, wao wakiiga homoni ya binadamu. Masikitiko yangu ni kwamba watafiti walikwenda kwa mjusi wakachukua siri ya kutosikia njaa, wakaiacha pale pale ile nyingine, ya kujivua gamba. Ingawa Watanzania tunajua jambo lile si rahisi. Mwaka 2011 CCM ilitangaza kwamba inajivua gamba, nchi nzima ikakaa kitako kungoja, na wapo wanaosema mpaka leo hawajasikia kitu kikidondoka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni watu.

Kizazi chetu kilikuwa bado cha vijana Ukimwi ulipoingia. Kagera wagonjwa wa kwanza waligunduliwa 1983, watu wakauita Juliana, jina la vazi lililokuwa mtindo wakati huo. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka, Waganda wakauita Slim. Tukajifunza kumsoma mtu tangu akiwa ng'ambo ya barabara: mashavu yamebonyea, shingo imelegea, suruali imekunjwa kiunoni kwa mkanda. Tukishasoma tulishusha sauti. Leo mashavu yaliyobonyea ni yako, shingo ni yako, mkanda umetobolewa matundu mapya kwa msumari, na wale waliojifunza kusoma pamoja nawe bado wako hai na macho yao ni mazima. Na uko Afrika Kusini, nchi yenye watu wengi wanaoishi na VVU kuliko nchi nyingine yoyote, kwa hiyo hata mama muuza mboga wa Ivory Park anakupimia spinachi kwa huruma na kukuongezea fungu.

Utaulizwa. "Shikamoo shangazi, mbona umeisha hivi?" Usitoe vyeti. Mwenye afya hatembei na karatasi. Ukifungua mkoba ukatoa majibu ya maabara umeshajimaliza. Usijibu pia kwamba daktari ndiye aliyekwambia upungue, kwa sababu katika sentensi yote hiyo atakachosikia ni "daktari". Usiseme "nafanya mazoezi" ukiwa umeketi. Sema hivi tu: "Nimeacha wali." Hilo litamshtua kuliko ugonjwa wowote, na mazungumzo yatahamia kwako kama mtu wa kuombewa, jambo ambalo walau lina chai.

Dereva aliyekuwa akikuita "mama" ataanza kukuita "gogo", yaani bibi. Mpokee. Uso ndio unaotoa taarifa kabla ya sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yakijaza mikunjo ndiyo yaliyoondoka, na sindano haiulizi iyatoe wapi kwanza. Nyama ya chini ya mkono nayo ina tabia zake. Ukimsindikiza mtu kituo cha Gautrain, punga kwa kiganja peke yake. Ukipunga mkono mzima, ngozi ya chini itaendelea kuaga treni ikiwa imeshafika Centurion.

Kwenye mavazi tumebahatika kuliko wenyeji wetu. Wao wana jinzi, vazi lisilosamehe. Sisi tuna dera, lililoshonwa kana kwamba mbunifu wake alituona mapema: linaanzia mabegani, linaishia chini, na yanayoendelea katikati ni siri ya nyumba. Mwanamume ana kanzu, na Ijumaa ana mahali pa kuivalia, Msikiti wa Nizamiye, ule wenye minara minne uliofunguliwa Midrand mwaka 2012. Mwenye shughuli za kikazi ana kitenge. Tangu Bunge la Afrika lihamie hapa mwaka 2004, likiongozwa na Mama Gertrude Mongella wa Tanzania, mji huu umezoea watu wazima waliovaa vitambaa vingi bila kuulizana vinaficha nini. Ndani vaa taiti ya kubana inayopanda hadi chini ya matiti. Hiyo si urembo. Ngozi inayoning'inia huvuta mgongo na hukwaruza ukitembea, na taiti huishika isibembee.

Hapa niweke mzaha kando kidogo, kwa sababu jambo linalofuata halisemwi mezani. Chini ya mkunjo wa tumbo, chini ya matiti na kwenye kinena pana joto na jasho, na fangasi huko hawalipi kodi. Kwanza panawasha, halafu pananuka, halafu panachubuka. Kwa mwenye kisukari kidonda kidogo cha hapo kinaweza kuwa safari ndefu. Osha kwa sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusa bila kusugua, kisha malizia na draya ya nywele ikiwa kwenye upepo baridi. Weka kitambaa safi cha pamba katikati ya mkunjo. Khanga kuukuu iliyofuliwa mara mia haina mpinzani. Pakianza wekundu, mfamasia atakupa krimu ya klotrimazo, na pasipopoa nenda kliniki. Mjukuu akikukuta bafuni umeelekeza draya tumboni, mwambie unakausha nguo.

Msuli. Uzito ulioondoka haukuwa mafuta peke yake, na katika umri wetu msuli ukiondoka haurudi bila kuitwa. Kula mayai, maharage, samaki. Nyanyua madumu ya maji ya lita 5, inuka kwenye kiti bila kushika meza. Msuli ukijaa utaijaza ngozi kidogo mikononi na mapajani. Tumboni usitegemee.

Kinachobaki ni kisu. Ni tiba ya zamani kuliko watu wanavyodhani: Howard Kelly wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliandika habari za kukata tumbo lililoning'inia mwaka 1899. Johannesburg mabingwa wa kazi hiyo wapo, na watu huruka kutoka kaskazini kuwafuata. Hakikisha jina la huyo unayemwendea limo kwenye rejista ya baraza la wataalamu wa afya, HPCSA, ambayo iko wazi mtandaoni, hasa kama umemwona kwanza kwenye tangazo lenye picha ya mnazi. Atakutaka uzito uwe umetulia miezi sita au zaidi, sigara iwe imezimwa wiki kadhaa, sukari na presha viwe vimeshikwa, damu iwe haina upungufu. Umri peke yake hautakuzuia sana; moyo, mapafu na hatari ya damu kuganda ndivyo vitakavyojadiliwa, na vijadili kwa makini. Utaamka na mirija ya kutolea maji, utatembea umeinama, utavaa nguo ya kubana kwa wiki kadhaa, na utabaki na kovu kutoka nyonga hadi nyonga. Ndiyo, kovu. Sasa ile Bio-Oil imepata kazi yake.

Bima ya afya, kwa kawaida, itaiita shughuli hii urembo na kukataa. Ili ikusikilize, ngozi yako sharti iugue kwa maandishi: upele uliorudi tena na tena, krimu zilizoandikwa na kushindwa, picha, barua ya daktari, barua ya daktari wa pili. Kwa hiyo kila ukiwashwa, nenda ukawashwe mbele ya shahidi mwenye mhuri.

Kabla ya hapo, lakini, kuna kikao cha wanao kwenye WhatsApp. Yule wa Mwanza atatuma sauti ya dakika saba. Yule wa Toronto atatuma makala. Kifungua mimba, ambaye ndiye atakayelipa, atanyamaza siku nzima kisha aandike: "Mama, kwa umri huu, ni kwa ajili ya nani?" Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza mzee anayeondolewa mtoto wa jicho au kubadilishiwa goti. Mjibu kwamba ni kwa ajili ya mtu anayeoga na ngozi hiyo kila siku. Halafu funga simu, ukaendelee na maamuzi yako, likiwemo la kutokata chochote, ambalo pia ni halali na halina mirija.

Limebaki la Desemba. Utakwenda nyumbani kwenye harusi, na utaambiwa utume vipimo vya sare kwa fundi wa Kariakoo. Pima mwenyewe, tuma. Fundi atapiga simu kuuliza kama umekosea namba. Mwambie hujakosea. Atapiga tena, safari hii kwa dada yako, kuuliza kama kweli ni wewe na kama u mzima. Ukifika utakuta gauni limekukaa, ila ukiligeuza ndani utaona ameacha nafasi ya inchi nne kila upande, imekunjwa vizuri na kushikizwa kwa uzi mwepesi wa kufumuka haraka. Usigombane naye. Ameshona sare nyingi, na pilau la harusi hiyo limeagizwa la watu mia tatu.