Namna ya Kuchovya Bila Kumaliza Buyu

Watu wengi huchovya tangu utotoni bila kupitia mafunzo yoyote, na matokeo yake tunayaona. Kiswahili chenyewe kilitahadhari mapema, kikagawa kazi hii kwa vitenzi mbalimbali: andazi huchovywa, mla ugali hutowelea mchuzi, ng'ombe huogeshwa, kata hutumbukizwa mtungini na mchumba hutoswa. Huyo wa mwisho ana mwongozo wake. Hapa tuanze na chai.

1. Andazi

Chagua la jana. La leo ni laini, litakutia aibu mbele ya wageni. Lichovye, hesabu pumzi moja, litoe. Kwa biskuti, sayansi imeshafika: mwanafizikia Len Fisher alikokotoa namna bora ya kuichovya kwa kutumia mlinganyo wa Washburn wa mwaka 1921, unaoeleza jinsi kimiminika kinavyopenya kwenye vitundu vidogo. Mwaka 1999 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Chai ya moto huyeyusha sukari inayoshikanisha biskuti. Kwa hiyo ilaze ubavu, uso wa juu ubaki mkavu uubebe wa chini uliolowa. Bibi yangu hakupewa tuzo yoyote, ila alikuwa akituambia, "Chovya, usiliogeshe."

Likikatika, usipige kelele. Koroga kama mtu anayetafuta sukari, endelea na mazungumzo ya mvua. Mtakutana chini ya kikombe.

2. Tonge

Mega, viringisha, bonyeza kwa dole gumba. Kishimo hicho ndicho kijiko chako. Tonge ulilokwisha kuling'ata halirudi bakulini, hata kama bakuli ni la kwenu. Angalia sana mtu mwenye tonge dogo na kishimo kikubwa. Huyo hakuja kula ugali. Na nyama ikinasa kishimoni "kwa bahati mbaya" mara tatu mfululizo, sogeza bakuli.

3. Ng'ombe

Hapa panahitaji josho, ambalo wengine huliita dipu. Kwanza wanyweshe maji na uwapumzishe, maana ng'ombe mwenye kiu hajui tofauti ya dawa na kisima. Mtangulize mzee aliyezoea. Wageni wakimwona ameruka na kutokea ng'ambo akiwa mzima, watamfuata. Simama ukingoni na mti wenye panda, uwazamishe vichwa mara moja, kwa kuwa kupe anayeeneza ndigana kali hupenda kukaa masikioni. Kisha subiri kwenye njia ya kutokea, karibu kabisa, ukiwa umevaa shati jeupe la kwendea harusini. Ng'ombe akitoka josho hujikung'uta, nawe utakuwa umeogeshwa bure, usiugue ndigana maisha yako yote.

4. Kidole

Huu ndio mchovyo pekee ambao watu hupanga foleni tangu alfajiri kuufanya. Unapiga kura, kidole kinatiwa wino. Usijisumbue na ndimu wala sabuni ya unga: wino huo una nitrati ya fedha, hushikana na ngozi na hukolea ukipigwa na mwanga. Kipige picha, kiringie. Wewe umechovya kidole kimoja, mara moja, mbele ya mashahidi, ukaondoka na alama. Yule uliyempigia atachovya mikono yote miwili kwa miaka mitano na itatoka safi.

5. Kibubu

Hapa ndipo pa mabingwa. Utahitaji kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari, kisu chembamba na nyumba tulivu. Pindua kibubu mdomo chini, ingiza kisu, tikisa polepole. Noti itachungulia kama ulimi wa mtoto. Ivute. Usichukue nyingi, chukua ya nauli tu. Ili usijione mwizi, andika kiasi kwenye kikaratasi, ongeza neno "nitarudisha", ukitumbukize. Dhamiri ya mchovyaji hushiba kwa kikaratasi.

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Nadhani waliwahi kuwa na kibubu. Hakuna aliyekunywa buyu zima; kila mmoja alilamba kidole chake, akaona kidogo alichotwaa ni kidogo kweli.

Mwaka jana tulivunja chetu, siku tatu kabla ya sikukuu. Nilipiga nyundo, mke wangu akakinga kanga. Zikadondoka sarafu, noti mbili, na vikaratasi vingi mno. Nilianza kuvikusanya haraka kabla hajasoma mwandiko wangu, nikagundua naye anakusanya, haraka kunizidi. Nusu ya vikaratasi haikuwa yangu.

Tulitazamana. Akakunja kanga, akauliza kama chai bado ya moto. Nikamwambia ipo, na andazi la jana lipo.

"Moja," akasema. "Tutachovya wote."