Sifa za Skripti Bubu

Wengine na wasifu simu mpya. Mimi nasifu skripti bubu, ile inayokaa kwenye seva ya ofisi kwa jina la safisha.sh, isiyo na mstari hata mmoja wa maelezo, na mwandishi wake alishahama idara.

Kwanza, haina majivuno. Amri za Unix zililelewa kwa kuelezwaelezwa: tangu kitabu cha mwongozo cha Novemba 1971 kila moja ina ukurasa wake, hata na sehemu ya kuungama kasoro. Mradi wa GNU nao ukaagiza kila programu iitikie --help. Skripti yetu haijidekezi hivyo. Ukiiomba --help, hudhani umetaja folda. Ikishindwa kuingia humo, husonga mstari wa pili na kufuta vilivyomo hapo hapo uliposimama. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Pili, ni mwalimu. Je, -f ni faili au ni futa? Hakuna wa kukuambia, basi utaifungua uisome mpaka alfajiri. Nani leo angesoma kwa bidii hiyo bila kulazimishwa?

Tatu, inatunza heshima ya wakongwe. Anayekumbuka mpangilio wa vigezo vyake hupigiwa simu hata akiwa harusini, na hubembelezwa kama mganga wa kijiji.

Wachongezi hawakosi. Wanadai mistari kumi ingetosha: kazi ya skripti, namna ya kuiita, maana ya kila swichi, mfano mmoja, kisha itoke bila kugusa kitu. Ati katika Python, moduli ya argparse hutunga -h yenyewe. Wanaiamini sana hiyo -h! Kwa df huonyesha ukubwa wa diski kwa vipimo vinavyosomeka. Kwa grep huficha majina ya faili. Kwa shutdown huzima mashine. Afadhali asiyejibu kabisa kuliko watatu wasioafikiana.

Kwa hiyo, ndugu waandishi wa skripti, nawasihi msiiandike mistari hiyo kumi. Mkiiandika, kijana aliyeajiriwa jana ataifanya kazi peke yake kabla ya chai ya saa nne, na mkuu wa idara ataanza kuuliza sisi wengine tunalipwa kwa lipi.