Karibu Darasa la Juu la Plagini, Viatu Acha Mlangoni

Hongera, bosi amesaini barua. Kuanzia Jumatatu una siku tano za mafunzo ya juu ya kutengeneza plagini za Eclipse. Hilo neno "juu" lisikutishe wala lisikuvimbishe kichwa. Mafunzo ya awali yanakufundisha kufanya kitufe kitokee kwenye menyu. Ya juu yanakufundisha kwa nini hakikutokea.

Njoo na bando la kutosha, maana wenzako ishirini watapakua vitu vilevile kwa wakati mmoja. Kisha jiandae kwa bando la pili. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2004, Eclipse inaendeshwa kwa kanuni za OSGi, na kwa lugha ya OSGi plagini moja ni bando moja. Ndiyo maana mwezeshaji akiuliza siku ya kwanza, "Bando lako liko hai?", nusu ya darasa huangalia simu.

Wengi wanaokuja hapa hudhani Eclipse ni programu, na plagini ni nakshi za kubandika juu yake. Si hivyo. Eclipse ni nyumba ya kupanga, zile zetu za Kiswahili zenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Kiini chenyewe ni kidogo: msingi, korido na mlango wa mbele. Kihariri cha Java ni mpangaji. Kile kifaa cha kusaka hitilafu ni mpangaji. Wewe ni mpangaji mpya unayefika usiku na godoro kichwani. Nyumba hii ilijengwa na IBM, kazi kubwa ikifanyika kwenye kampuni yake tanzu ya OTI kule Ottawa, Kanada. Novemba 2001 IBM ikaitoa bure, ikiithamini kwa dola milioni 40, na mwaka 2004 ikakabidhiwa taasisi huru, Eclipse Foundation. Kanuni za OSGi nazo zilianza mwaka 1999 kwa ajili ya vifaa vya mtandao vya majumbani, kwa hiyo nikisema nyumba sitanii sana.

Sasa, kodi. Ya mwezi unaijua, na ya kuandika unaijua. Humu utashangaa jinsi ile ya kuandika inavyokaa kimya. Kabla haijasomwa hata herufi moja ya Java yako, Eclipse inasoma faili mbili za maelezo: MANIFEST.MF, inayosema wewe nani na unamtegemea nani, na plugin.xml, inayosema unaomba kutundika nini na wapi. Kitufe chako kinachorwa kwa maelezo hayo tu. Wewe mwenyewe bado umelala. Utaamshwa siku mtu atakapokibofya.

Ipo njia ya kuomba uamshwe alfajiri, Eclipse inapofunguka tu. Kila mwanafunzi huigundua Jumanne mchana na kujiona amepata dawa. Tafadhali usiitumie. Wapangaji mia wakiamka saa kumi alfajiri kugombea bomba moja, ndipo unapomsikia mtu akilalamika kwamba Eclipse nzito.

Hiyo MANIFEST.MF iheshimu kama fomu ya benki. Baada ya nukta mbili sharti pawepo nafasi. Mstari mrefu ukikatwa, kipande kinachofuata lazima kianze na nafasi. Mstari wa mwisho usipofungwa kwa Enter, unaweza usisomwe kabisa. Nimemwona mtu mzima, mwenye shahada ya uzamili, akikesha kwa ajili ya Enter moja.

Utakutana pia na kosa la "klasi haionekani". Klasi ipo. Unaiona kwa macho yako, imekaa kwenye folda. Ila kila chumba kina mlango wake, na kitu cha jirani unakiona tu kama yeye amekitoa kibarazani na wewe umeandika kwamba unakihitaji. Vifurushi vyenye neno "internal" kwenye jina ni chumba chake cha kulala. Utashawishika kuingia, kwa sababu vitu vizuri vyote viko huko, na Eclipse itakupigia mluzi wa onyo tu bila kukuzuia. Toleo lijalo atahamisha kitanda, nawe utajigonga gizani na kumlaumu yeye.

Halafu kuna jiko. Nyumba nzima ina jiko moja na mpishi mmoja: uzi mmoja tu wa programu ndio unaoruhusiwa kugusa skrini. Kazi yako ya nyuma ikijaribu kubadili hata neno moja kwenye dirisha, inatimuliwa papo hapo. Unachotakiwa ni kumwachia mpishi ujumbe. Ukitumia asyncExec, umeacha ujumbe na kwenda zako. Ukitumia syncExec, umesimama mlangoni mpaka amalize. Na kama mpishi naye anasubiri ufunguo ulio mfukoni mwako, mtakaukia pale wote wawili, na mtumiaji atazima kompyuta kwa kubonyeza swichi.

Usisahau Luku. Kila picha na kila fonti unayoiomba kwenye mfumo wa madirisha ni taa uliyoiwasha mwenyewe, na uizime mwenyewe, maana mfagiaji wa Java haigusi. Kwenye Windows, kwa kawaida programu moja hupewa vishikio vya michoro visivyozidi 10,000. Uniti zikiisha zimeisha kwa nyumba nzima. Giza litampata jirani aliyekuwa anaandika msimbo wake kwa amani, na jina litakaloandikwa kwenye kumbukumbu ya makosa ni lake.

Haya yote mwezeshaji atakueleza. Kuna moja huenda akalipitia juu juu kwa sababu ya chai ya saa nne, nami nimelilipia. Faili la build.properties. Niliwahi kumtengenezea mteja plagini ya kukagua faili zake za usanidi. Kwangu ilikuwa inaruka kama swala. Ijumaa nikaenda ofisini kwake na flashi, nikaisakinisha mbele ya watu saba na sahani ya sambusa. Hakuna kosa lililotokea. Hakuna kitufe kilichotokea. Orodha inasema plagini imesakinishwa, menyu inasema haikujui. Nikafungua na kufunga Eclipse mara nne, nikitoa maelezo marefu kuhusu "cache". Kumbe kwenye bin.includes sikutaja plugin.xml. Unapojaribu nyumbani, Eclipse inasoma folda yako yote ya kazi. Unapofungasha, inabeba ulichokiorodhesha tu. Nilikuwa nimemletea mteja mpangaji asiye na barua ya maombi: amelala chumbani, hakuna anayejua yupo. Sambusa ziliisha, kazi haikuisha.

Kitabu kikubwa cha fani hii ni cha Erich Gamma na Kent Beck, nacho kinakushauri uanze kwa kuiga plagini inayofanana na yako. Usione aibu. Gamma huyo ndiye aliyeongoza ujenzi wa vifaa vya Java vya Eclipse, na baadaye akaongoza ule wa Visual Studio Code huko Microsoft. Angalia walivyowapokea wageni kwenye nyumba ya pili: wamewajengea banda lao uani, mchakato wa peke yake, na jikoni hawakanyagi. Mimi naona hapo mtu aliyeishi na wapangaji akachoka.

La mwisho, lihusulo macho. Ili kujaribu plagini, Eclipse inazaa Eclipse ya pili, na mama na mtoto wanafanana kama mapacha. Ukimsimamisha mtoto kwenye mstari wa kodi unaoendeshwa na yule mpishi, anaganda mzima, nawe utadhani mashine imekufa. Kwa hiyo mpake mtoto rangi nyeusi kwenye mipangilio ili uwatofautishe. Wa kwangu ni mweusi tii tangu zamani, na Alhamisi iliyopita nimeandika nusu saa nzima humo ndani kabla sijashtuka.