Sebule Iliyokataa Kuwa Nyeupe

Posa ya binti yangu ilipangwa Jumamosi, na wageni walikuwa wanatoka Mwanza. Jumatano asubuhi nikampeleka fundi rangi nyumbani kwa mama, Tabora, na ndoo mbili za rangi nyeupe ya maji. Nilimwambia kazi ni ndogo: sebule tu, kuta nne na dari.

Tulipoteremsha picha ya marehemu baba, nyuma yake ukabaki mraba mweupe kama kanzu ya Idi. Kuuzunguka, ukuta mzima ulikuwa na rangi ya chai iliyolala. Miaka yote nilidhani sebule yetu ilipakwa rangi ya maziwa mazito. Kumbe ilipakwa nyeupe.

Fundi akapiga mkono wa kwanza. Jioni sebule iling'aa, mama akasimama mlangoni akapiga kigelegele, kikakatishwa na kikohozi. Alhamisi alfajiri nikakuta madoa ya manjano yamechomoza upya, mazito zaidi pale juu ya kiti cha baba. Tukapiga mkono wa pili. Adhuhuri yakarudi. Kabla ya mkono wa tatu nikachukua fedha ya mchele wa wageni, nikakimbilia dukani kununua ndoo nyingine. Katika haraka ile fundi akakanyaga ukingo wa ndoo, rangi ikamwagika kwenye zulia ambalo mama huliweka kwa sikukuu tu.

Shangazi, aliyekuja kusaidia kuchambua mchele ambao sasa haukuwepo, akaketi chini akashika kichwa. "Hii si bure. Nyumba hii ina mkono wa mtu."

"Wifi, ngoja kwanza," mama akamwambia.

Fundi hakusema kitu. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto yenye sabuni, akafuta kipande cha ukuta. Maji ya kahawia yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akakinusa kitambaa. Yeye ni mzaliwa wa Urambo, na kwao walilima tumbaku.

"Mama," akasema taratibu, "hii si sebule. Hii ni bani."

Mtu wa Tabora haelezwi bani ni nini. Ni kijumba cha kukaushia tumbaku: majani hutundikwa juu, moto hukokwa, na siku kadhaa baadaye yale ya kijani huwa manjano. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa mwaka 1951, Urambo iligeukia tumbaku, na tumbaku hiyo ndiyo iliyonilipia ada kupitia mjomba wangu. Kwa hiyo sikukua nikiiona kama adui. Hakuna aliyeiona hivyo.

Baba alikuwa karani wa reli, na sigara ilikuwa sehemu ya uungwana wake kama kalamu mfukoni. Mgeni akiingia, kabla ya chai, pakiti ilipitishwa kwenye sahani; kumnyima mgeni sigara ulikuwa uchoyo. Msibani zilinunuliwa pamoja na sukari na kahawa. Watu walivuta ndani ya basi, ndani ya sinema, ofisini mbele ya wateja. Mwalimu wangu alivuta akisahihisha madaftari. Mimi mwenyewe, nina miaka saba, nilitumwa dukani sigara mbili za rejareja, kisha nikaenda kuiwasha moja jikoni kwa kaa la moto, na nikaivuta pafu moja isizimike njiani. Baba aliipokea akanisifu kuwa mtoto mtiifu. Sheria ya kukataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18 ilikuja mwaka 2003, baba akiwa kaburini. Alikufa kwa saratani ya mapafu.

Elimu ilikuwepo siku nyingi. Mwaka 1950 Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 Luther Terry, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa ripoti iliyosema sigara inasababisha saratani hiyo. Haya yote hayakufika kwenye sahani ya sebule yetu. Lakini lililoniuma ni la mwaka 1981: Takeshi Hirayama wa Japani aliwafuatilia kwa miaka 14 wanawake zaidi ya 90,000 ambao hawakuvuta, akakuta wake wa wavutaji wakubwa wanakufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Leo tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta. Walivuta hewa ya wenzao tu.

Miaka miwili kabla ya posa hii, daktari alimuuliza mama: "Umevuta sigara miaka mingapi?" Mama alishtuka kama aliyetukanwa. "Mimi? Hata pafu moja!" Daktari akauliza habari za jiko la mkaa, kisha akauliza mumewe alikuwa akiketi wapi. Njia za hewa za mama zimebana, na hazitafunguka tena kama zamani. Ukuta ulipotoa yale maji ya kahawia, nilielewa lile swali la daktari. Ukuta tuliweza kuuosha.

Ijumaa tukauosha kutwa nzima, ndoo baada ya ndoo. Mama tukamkalisha nje chini ya mwembe. Ulipokauka, fundi akatanguliza rangi ya mafuta ili kuyafunga madoa, kisha nyeupe. Jumamosi asubuhi ukuta ulikuwa mweupe, na mjomba alikuwa ameleta mchele.

Wageni wakaketi. Mshenga, mzee wa heshima zake, akatoa pakiti akaangaza macho kutafuta kisahani. Sebule ikanyamaza. Shangazi akanitazama, nami nikainama. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumnyima mgeni kitu, akainuka kwa kushika mkono wa kiti.

"Baba, tumekuwekea kiti chini ya mwembe," akasema. Akatua, akavuta pumzi, akamalizia. "Humu ndani tumekwisha kuvuta."

Mzee akairudisha pakiti mfukoni. "Nisamehe, mama," akasema. Mama akamsogezea sahani ileile ya zamani. Safari hii ilikuwa na karanga.