Heshima ya Kununa

Stanley, yule mwandishi wa habari aliyemtafuta Livingstone, alikosa bahati. Mwaka 1871 alitembea karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Agosti akajiunga na Waarabu wa Unyanyembe kwenda kumpiga mtemi Mirambo, wakapigwa wao, wakatimua mbio. Uso wake wa siku ile haukupigwa picha na mtu, ikabidi asimulie mwenyewe kitabuni. Hasara iliyoje!

Siku hizi mambo yamenyooka. Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliichapa Yanga 3-1 Chamazi, Dar es Salaam. Usiku kama ule, shabiki wa Yanga hajapata hata daladala, mdomo wake uliobenuka na chozi lililoishia kwenye nembo ya jezi vimeshakuwa stika, vimefika Tabora, vimepita Urambo, vimeingia Ujiji bila mpagazi hata mmoja.

Ruhusa? Ruhusa ya nini?

Kocha wa Yanga, Gamondi, yeye aliachishwa kazi wiki iliyofuata. Shabiki hupewa ajira ya kudumu: timu yoyote ikifungwa anaitwa kazini, bila mshahara wala likizo. Yule shabiki Mpakistani aliyeshika kiuno Taunton, Uingereza, tarehe 12 Juni 2019, mchezaji wao wa kriketi alipodondosha mpira, bado yuko zamu. Mwaka 2021 alitundikwa hadi kwenye maonyesho Hong Kong. Na sisi tusibaki nyuma: Kwihara, jirani na Tabora, kuna makumbusho ya Livingstone. Ukuta mmoja haukosekani, na mwenye sura hana haja ya kusumbuliwa kwa kuulizwa.